Jumanne haiko siku ya ine: miezi yangu ya kwanza na Wachina wa Kolwezi



Kuko swali moja ambalo linanirudilia karibu kila wiki: "Agro, juu ya kupata kazi kwa Bachinois, lazima kujua Kichina?" Siku zote nimejibu "inasaidia", halafu naenda zangu. Jibu hilo ni fupi mno, tena ni jibu la mtu anayejificha. Leo nataka kujibu vizuri. Nitaeleza namna lugha yao inavyotembea, namna wao wanavyosikia ya kwetu, mambo ya kila siku yaliyonishangaza, na kosa moja langu lililokatisha baba wawili mshahara. Kampuni sitaitaja, jina la mtu pia hapana. Haiko mashitaki, ni somo.

Kwa wale wasio wa huku: Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu 2015, wakati Katanga ya zamani iligawanywa majimbo mane. Mapatano makubwa kati ya serikali yetu na makampuni ya China, madini kwa barabara na majengo, yalitiwa sahihi 2008. Mwaka 2016 kampuni ya China ilinunua kwa Wamarekani sehemu yao kubwa katika mgodi wa Tenke-Fungurume. Leo ukizunguka mjini, maandishi ya Kichina yako kwenye maduka, kwenye hoteli, kwenye milango ya depo za madini. Wengi wanafikiri kazi kule ni za wajeolojia na mafundi wa mashini tu. Lakini mtu anayechimba shaba anakula pia. Mimi niliingia kwa mlango huo: kambi ya mgodi, bustani ya kulisha kantini, kontra ya majaribio miezi mitatu.

Nilizaliwa Kolwezi, lakini siku nilipopita ule uzio, mgeni nilikuwa mimi.

1. Salamu

Asubuhi ya kwanza, shefu wa bustani alipita mbele yetu bila neno. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mtoto wa wakulima wa Shandong, jimbo linalojulikana China nzima kwa mboga. Alitazama majani, akatazama bomba la maji, akaenda. Wafanyakazi wakaangaliana. Kwetu, mtu asiyesalimu ni mtu aliyekasirika, ao anayekuona wewe si mtu. Huwezi kuuliza hata bei ya meka ya unga bila kusema kwanza "jambo mama", na mama akajibu "jambo sana".

Upande wake yeye alikuwa na mshangao wake. Wiki ya pili aliniuliza kupitia mkalimani: kwa nini watu hawa wanapoteza dakika makumi mbili kila asubuhi kushikana mikono, kuulizana habari za nyumba, za mtoto, za mgonjwa? Kwake, watu wanaofanya kazi pamoja kila siku hawahitaji sherehe. Salamu ni ya mgeni.

Si kwamba hawana salamu. "Nǐ hǎo" mnaijua, lakini wazee wao wanapenda kuuliza "chī le ma?", maana yake "umekula?" Siku ya kwanza aliponiuliza hivyo nilijibu kwa ukweli wote kwamba bado, nikasimama kungoja sahani. Sahani haikuja. Ni kama sisi tunapouliza "habari?": hakuna anayetaka uanze kumhesabia madeni yako. Jibu ni "chī le", nimekula, hata kama tumbo linalia.

Na heshima wanayo, tena inafanana na ya kwetu kuliko mnavyofikiri. Sisi mtu mkubwa tunamsemesha kwa wingi: "Mama, munauzisha namna gani?" hata kama yuko peke yake. Wao pia wako na "nǐ" ya mwenzako na "nín" ya mtu wa kuheshimu. Jina la ukoo linatangulia, halafu cheo. Fundi mwenye ujuzi wanamwita "shīfu", na mtu ambaye umri wake unakuzidi humwiti kwa jina lake la nyumbani. Nilipoanza kumwita shefu wetu "shīfu", uso wake ulibadilika. Kesho yake alisema "jambo". Alilisema vibaya, lakini alilisema.

2. Siku za juma

Mkalimani wetu alikuwa dada mmoja aliyesoma Kiswahili Beijing. Musishangae: Radio Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1961, na kati ya 1970 na 1975 Wachina walijenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Kwa hiyo Kiswahili wanachofundisha kwao ni kile cha Tanzania. Dada alifika Kolwezi na "shikamoo" mdomoni, wamama wa soko wakacheka mpaka machozi. Aliomba ugali, wakamwambia hapa ni bukari. Aliomba mchicha, akapewa lengalenga. Kisamvu ni sombe, shule ni masomo, asante ni aksanti. Alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hiki ni Kiswahili kweli?"

Nilimwambia ndiyo, lakini ni kile kilichotembea kwa miguu. Kilikuja na misafara ya biashara mpaka Bunkeya kwa mfalme Msiri, karne ya 19. Halafu Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ikakusanya wafanyakazi wa makabila mengi: Baluba, Basanga, Balunda, Babemba, watu wa Kasai, hata wa Rwanda na Burundi. Kambini kila mtu alileta lugha ya mama yake, Kiswahili kikawa cha wote. Lugha inayosemwa na watu wengi wasio na mwalimu inapunguza mizigo. Njo maana sisi tunasema "kitu yangu" na "ile kitabu" pale ambapo vitabu vinaomba "kitu changu" na "kile kitabu".

Shida kubwa ilikuja na siku za juma. Dada alimwomba mama mmoja alete tomate za kantini Jumanne. Mama alisikia "nne", akasema sawa. Jumanne kantini haikuwa na tomate. Mama alifika siku mbili nyuma, asubuhi, na mabeseni sita, akakuta mlinzi ana amri ya kutopokea: tomate zilikuwa zimenunuliwa kwingine. Alikaa pale mlangoni kwenye jua, na feza ya kununua zile tomate alikuwa ameikopa.

Nani alikosa? Hakuna. Pwani, juma linahesabiwa baada ya Ijumaa ya Waislamu: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumanne ambayo ni ya ine. Sisi huku tulihesabu kwa kazi ya kambi: Lundi ni siku ya kwanza, inafuata siku ya mbili, ya tatu, ya ine, ya tano, halafu siku ya posho, juu Samedi njo Union Minière iligawa chakula, na mwisho siku ya Mungu. Kwa hiyo "nne" ya Dar ni Mardi, na "ine" ya Kolwezi ni Jeudi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Wachina wanahesabu kama sisi. Lundi ni "xīngqī yī", juma-moja. Mardi ni "xīngqī èr", juma-mbili. Jeudi ni "xīngqī sì", juma-ine. Na Dimanche ni "xīngqī tiān", siku ya mbingu. Kama dada angeacha kitabu chake na kutafsiri Kichina chake neno kwa neno, mama angemwelewa kabisa. Nilichora hayo yote kwenye mchanga mbele ya mlango, mama akiwa amekaa juu ya beseni. Kantini ilichukua nusu ya tomate. Nusu nyingine tuligawana kununua, dada, mimi na walinzi wawili. Tangu hapo tunaandika tarehe, hatuandiki siku.

3. Sauti

Kichina kina sauti ine kubwa: ya kwanza inakaa juu, ya pili inapanda, ya tatu inashuka chini kabla ya kupanda, ya ine inaanguka kama mtu anayekataa. Ukibadili sauti, umebadili neno. "Mǎi" ni kununua, "mài" ni kuuza. Wiki yangu ya tatu nilitaka kumwambia shefu kwamba kesho tutanunua dawa. Nilimwambia, kwa kujiamini, kwamba kesho tutauza dawa. Alinitazama sana. Siku ile nilicheka. Nyuma yake sikucheka tena, mtaona.

Mfano mwingine ni wa kwetu kabisa. "Tóng" inayopanda ni shaba. "Tòng" inayoanguka ni maumivu. Shefu alitaka kufungua shamba jipya mahali pamoja karibu na kilima, peupe, bila miti, kazi ya kukata ikiwa ndogo. Mimi niliona kwa nini hapana miti. Kulikuwa na majani yale madogo tunayoonyeshwa mwaka wa kwanza, Haumaniastrum katangense, ua la shaba: linaota pale ambapo udongo umejaa shaba mpaka mimea mingine inashindwa. Nikamwonyesha chini nikisema "tòng, tòng". Akaniuliza ni wapi panapouma.

Tulipoelewana, alichuchumaa, akatazama lile ua muda mrefu.  Shamba halikufunguliwa pale, na watu wa kantini hawakula mboga za udongo ule. Ninaandika hili juu kuko vijana wanaoenda kwenye mahojiano wakijiona bure kwa sababu hawajui Kichina. Wewe uko na kitu ambacho mtu aliyetoka mbali hana: unajua udongo mwekundu wenye asidi, unajua kwamba mvua inaanza kushika Novemba, unajua mama gani anauzisha mbegu nzuri. Hicho ndicho walichokuajiria.

Na musiogope sauti. Kiswahili hakina, lakini masikio yetu hayako ya Kiswahili tu. Kiluba, Kisanga, Uruund, Kichokwe, zote ni lugha za sauti. Hata Lingala ya miziki: "moto" ni mtu, "motó" ni kichwa, na hakuna anayechanganya. Kama nyumbani mulisema lugha ya bibi, kazi ya nusu imekwisha. Kama bibi alikuwa anakusemesha ukamjibu kwa Kifaransa, basi, utalipa sasa.

Sarufi yao ni nyepesi. Kitendo hakibadiliki: mimi enda, yeye enda, jana enda. Hesabu ni kama makumi yetu: "èrshí" ni mbili-kumi, makumi mbili. Ugumu ni kwamba wanakata kwa elfu kumi, "wàn", pale sisi tunapokata kwa elfu. Franka 25,000 kwao ni "wàn mbili na elfu tano". Kwa haraka ya soko, sifuri moja inapotea kirahisi.

4. Mkono

Kuhesabu kwa vidole nako ni lugha. Wachina wanahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na kile kidogo, kama mtu anayeigiza telefone. Nane ni gumba na cha shahada, kama bastola. Siku moja tulienda sokoni, shefu akamwonyesha mama mmoja nane ya kabichi. Mama akaona vidole viwili, akampa kabichi mbili. Shefu akaonyesha tena, kwa nguvu zaidi, gumba na shahada, bastola usoni. Mama akaita watu. Nilifika mbio nikasema: "Mama, musiogope, anataka munane!" Tulitoka pale na kabichi kumi, mbili za zawadi.

Uzito pia. Wakisema "jīn", ni gramu 500. Kilo ni "gōngjīn". Mpishi akiomba jīn kumi za vitunguu, anataka kilo tano. Ukileta kumi, umeleta mara mbili, na ya ziada nani analipa?

5. Midi na maji ya moto

Wanakula mapema, kabla ya midi ao midi kamili. Halafu kambi inakufa. Taa zinazimwa, watu wanalala, wengine kichwa juu ya meza ya biro. Mimi, kijana mwenye bidii, niligonga mlango na ripoti mkononi wakati huo. Ripoti ilipokelewa kwa mkono mmoja bila kutazamwa. Usingizi wa midi si uvivu: wanaamka mapema na usiku wanarudi kazini. Kama uko na jambo, lete kabla ya chakula ao ngoja waamke.

Maji wanakunywa ya moto. Hata kwenye joto la Oktoba kila mtu anatembea na chupa yake ya termosi, majani ya chai yakielea. Wafanyakazi wetu waliamini kwa mwezi mzima kwamba Wachina wote wako wagonjwa. Wao kwa upande wao walitutazama tukinywa maji ya bomba baridi, wakatuhurumia.

Na wanaishi ndani ya uzio. Wengine wanamaliza miezi mingi bila kuona Kolwezi zaidi ya barabara ya kwenda kazini. Mtu anayekutana na mji wako kupitia mlinzi, polisi na wauzaji atafikiri mji wote ni hao. Sisi nasi tunawajua kupitia kamyo zao na mavumbi yake. Pande zote mbili zinahukumu kwa kidogo.

6. Herufi moja

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Tulikuwa na hektari moja ya kabichi. Viwavi vikaingia, vile vidogo vya kijani tulivyosoma kwa jina la Plutella xylostella. Shefu akanipa dawa ya unga iliyotoka China, etiketi yote Kichina. Dada mkalimani alikuwa amesafiri Lubumbashi, na simu yangu haikuwa na mtandao. Niliona namba 30. Niliona herufi ya gramu, ambayo nilikuwa naijua. Pembeni yake kulikuwa na mstari na herufi nyingine ndogo, 亩. Katika vitabu vyetu vyote dozi inaandikwa kwa hektari. Nikajiambia: gramu 30 kwa hektari.

Wapigaji wa dawa walikuwa baba wawili, mmoja mzee wa kazi hiyo. Hektari moja ilikuwa inaomba pompi za mgongo karibu makumi tatu. Gramu moja kwa pompi. Mzee alitazama ile chembe ndani ya kijiko, akaniuliza: "Agro, njo hii tu?" Nilimjibu: "Baba, ni dawa kali." Nilikuwa na lisansi, yeye hakuwa nayo.

Siku kumi nyuma yake, kabichi zilikuwa kichungi. Shefu alikuja, akashika jani moja juu, jua likapita ndani yake. Alipiga kelele. Mkalimani alikuwa amerudi, akatafsiri: hawa watu wawili walipulizia maji tu. Tena mimi mwenyewe, majuma machache kabla, nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba dawa tunaiuza. Neno lile lilikuwa bado kichwani mwake. Akaamuru wakatwe siku kumi za mshahara. Mzee alinitazama. Nilitazama kabichi.

Usiku nilipata mtandao nikatafuta ile herufi. Iko na kama kifuniko juu, na chini kiwanja kilichogawanywa vipande vinne, ambacho ni picha ya shamba. Inasomwa "mǔ". Ni kipimo cha ardhi cha Wachina, karibu mita 667 za mraba. Mu 15 ni hektari moja. Dozi ilikuwa gramu 450. Nilikuwa nimetoa 30. Shefu alisema ukweli bila kujua: yalikuwa maji tu, lakini mwenye kutia maji nilikuwa mimi.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia asubuhi ileile kusema. Sikukimbia. Nilibakiza majuma matatu ya majaribio. Nyumbani walikuwa wanangoja nichangie masomo ya mdogo wangu. Nilijiambia siku kumi za mshahara si kitu kikubwa, nitawapa mimi kidogo kidogo bila kusema. Nilinyamaza siku mbili.

Siku ya tatu sikuweza kupita mbele ya mzee. Nilimwita dada, tukaenda kwa shefu. Nilikuwa nimejifunza usiku sentensi moja, "shì wǒ de cuò", ni kosa langu, juu sikutaka aitafsiri mtu mwingine. Nilionyesha etiketi, nikaonyesha daftari la dozi na mkono wangu uliouandika. Alikaa kimya. Halafu akachukua fimbo, akachora chini kiwanja kikubwa, akakigawanya vipande 15, akaweka kidole kwenye kimoja: "mǔ". Akakizungusha chote: hektari. Kisha akanifanya nirudilie mara tatu, kama mtoto.

Baba wawili walirudishiwa mshahara wao. Wangu ulikatwa, na nilistahili. Kontra ilipofika mwisho iliongezwa, kwa sharti moja: hakuna dawa inayofunguliwa kabla watu wawili hawajasoma etiketi, na mmoja wao ni mzee yule. Hasomi Kichina, lakini kipimo cha kijiko anakijua kwa macho kuliko mimi.

Nilienda kwake kuomba msamaha. Alinipokea, alinipa kiti. Alisema tu: "Agro, kama ungesema siku ileile, bana yangu bangelala bamekula."

7. Basi, Kichina ni lazima?

Jibu langu sasa ni hili. Kuzungumza vizuri si lazima siku ya kuingia, wakalimani wako. Lakini kuko maneno ambayo huwezi kumwachia mkalimani, kwa sababu hayuko pale kila saa. Jifunzeni haya kabla ya kuanza:

Namba 1 mpaka 10, kwa mdomo, kwa maandishi na kwa vidole, na ile "wàn".

Vipimo: 克 ni gramu, 斤 ni nusu kilo, 公斤 ni kilo, 亩 ni mu, 公顷 ni hektari. Musiamini tafsiri ya simu macho yamefungwa. Mara mingine inaandika mu kuwa "ekari", na ekari moja ni karibu mu sita. Ni kosa tena.

Herufi 毒, sumu. Mukiiona kwenye mfuko, simameni kwanza.

Kununua na kuuza, kwa sauti zake. Mwombe mtu akurekebishe mpaka achoke.

Siku muandike kwa tarehe, na saa kwa namba.

Na "shì wǒ de cuò". Sentensi hii ni fupi, sauti zake si ngumu, lakini mimi ilinichukua siku mbili kuitamka. Jizoezeni nayo mapema, kwa Kichina, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kabla ya kuihitaji.

Mwisho, mfanyakazi wa mikono akikuuliza "njo hii tu?", usimjibu kwa diploma. Weka kijiko chini, soma tena pamoja naye.

 Kazi njema kwenu wote, na wale wa TFC, mutamaliza.